Duka la Kushona Si la Bibi

Mutsamudu, 17 Machi 1980

Mdogo wangu Msoili,

Duka langu la Moroni lilipotea Jumatatu, tarehe tatu mwezi huu, siku uliyompangisha yule mamluki wa Kizungu huku mimi nikiwa Mutsamudu natafuta karafuu. Salamu zangu pokea, hazina gharama.

Karafuu za kijiji cha Patsy zimekauka vizuri. Jirani yetu Nafissa alifika juzi, akanieleza ulivyojinadi kwa kadhi: "Lile duka ni la kwetu tangu kwa bibi, na mwanamume hupata mafungu mawili." Ulivaa na joho, eti. Joho la nani, Msoili?

Bibi alizikwa kabla hujaota meno. Kiwanja nilikinunua mwaka 1974 kwa jasho la cherehani niliyotoka nayo Unguja, na siku ya kuezeka wewe ulikuja kula tu.

Lakini haya, tuseme ni la bibi. Basi ni manyahuli, kama nyumba tuliyozaliwa: hutoka kwa mama kwenda kwa binti, haliuzwi wala haligawanywi. Na binti wa mama ni mmoja, hafugi ndevu. Umekwenda mwenyewe kwa kadhi kunitolea ushahidi, bwana mkubwa!

Nafissa anarudi Moroni na barua hii, na atangoja jibu lako hadi Alhamisi alasiri. Nataka neno moja: duka ni la bibi au nililijenga mimi? Chagua lolote, kisha mtoe mpangaji wako.

Dada yako,
Sitti Echata