Kumusalimia Bihogo

Kitshanga, siku ya tano, jioni

Na bado masikio yangu yanangojea muntu agonge mulango wa biro ya kazi. Basi, nimeacha kazi. Sitaketi tena pale kwenye koperative ya akiba kushauri watu na kusikiliza malalamiko yao, huku mukubwa wangu akinisukuma nimalize kila faili, "Funga hiyo dosie, kaka, funga!" Nilichoka kufunga vitu visivyofungika.

Wa mwisho leo alikuwa Mama Bahati wa Nyabiondo. Mimi njo nilimushauri auze ngombe yake, feza ikae salama kwetu. Nilifikiri amekuja kulalamikia faida.

"Feza iko," alisema. "Faida iko. Lakini asubui naamuka, hakuna mwenye kuniita. Ngombe wangu Bihogo alikuwa ananiita mbele ya jogoo kuwika."

Mukubwa alicheka. Nilikasirika. Ushauri wangu ulikuwa muzuri. Hata kesho ningeutoa tena. Na bado...

Ukungu umeshuka mpaka kwenye dirisha. Ni kama nasikia ngombe akitembea ndani yake, polepole, akitafuta nyumba ya muntu.

Sina mushahara sasa. Naogopa, sitajidanganya. Lakini kesho nitapita kumuchukua Mama Bahati na pikipiki, twende Kibabi kwa yule aliyemununua Bihogo. Hatuendi kununua kitu. Tutasimama tu kwenye ua, na Mama ataita jina la Bihogo.

Mungu wangu, ageuze kichwa.