Maandishi Chini ya Uso wa Shangazi

Mkuyuni, Mwanza
18 Septemba 1996

Dada yangu mpendwa Hellen,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kahama, wewe na shemeji na watoto, na kwamba yule mdogo ameacha kukohoa. Sisi huku ni wazima wa mwili. Mguu wa Shangazi Bernadeta umepona, na kila asubuhi ananisema kwamba chuo kimenifundisha kulala tu.

Uliniuliza habari za wale wageni. Ni wanafunzi kama mimi: Signe wa Denmark, Mutale wa Zambia na Kinjal wa India. Chuo kiliniweka wa nne kwa sababu ni mzaliwa wa hapa. Tulitakiwa kutengeneza filamu kuhusu maisha ya mtaa, jinsi watu wanavyosaidiana. Mutale alishika kamera, Kinjal alirekodi sauti, Signe aliuliza maswali, na mimi nikawa mdomo wa wote. Signe aliweka sharti kwamba kila anayehojiwa aseme kwa lugha ya nyumbani kwake, maana huko ndiko moyo unakofunguka. Mimi nilitafsiri kwa Kiingereza papo hapo, na tafsiri yangu ndiyo iliyoandikwa chini ya picha. Nilijiona mtu mkubwa, dada. Hata suruali nikaanza kupiga pasi kila siku.

Mwezi wa sita tulikwenda mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kwenye uwanja ule ambako akina mama wanaanika dagaa, tulipokuwa tukifukuza ndege wewe na mimi. Siku hizi kila kona ni mwekezaji, na yuko mmoja anayeutaka uwanja huo ajenge ghala la samaki. Siku hiyo afisa mmoja wa mji alikuja kusikiliza. Ni mtu wa pwani, Kisukuma hajui hata salamu. Nilikuwa nimeshaambiwa kwamba yumo kwenye kamati inayopitisha majina ya wanaokwenda kusoma Denmark, na jina langu lilikuwa mezani kwake.

Signe aliuliza kama akina mama wana neno la kuuambia mji. Shangazi alikaza kanga kiunoni. Unamjua akikaza kanga. Alisema kwa Kisukuma kwamba hawahami. Alisema mwenzao akifiwa, wengine humwanikia dagaa wake na kumuuzia mpaka atoke msibani, bila kuchukua hata konzi moja, na kwamba uwanja ukiondoka, msaada huo utaanikwa wapi? Kisha alimwonyesha yule afisa kwa kidole, akasema aje awatoe yeye mwenyewe kwa mikono yake. Nikatafsiri. Afisa akatabasamu, akaandika kwenye daftari lake.

Mwezi uliopita ikaja barua kutoka ofisi ya mji. Iliwashukuru akina mama kwa kukubali, ikawataka wawe wameondoka ifikapo tarehe 30 mwezi huu. Shangazi alicheka, akasema wamekosea anwani. Hata hivyo walipanga waende ofisini wote Ijumaa hii, na mwenzao Mama Ngosha alishaanza kukusanya sahihi za kukataa kuhama.

Jumamosi iliyopita filamu ilionyeshwa ukumbini kanisani, mchana, madirisha tukiyaziba kwa mablanketi. Shangazi alikaa mbele kabisa. Uso wake ulipojaa kwenye shuka jeupe tulilotundika ukutani na maandishi yakajitokeza chini yake, alinishika mkono, akaniinua na kuniamuru nimsomee kwa Kiswahili, kwa sauti, watu wote wasikie alivyoandikwa. Nikasoma kwamba hawahami. Nikasoma habari za msiba na dagaa, hata ile ya mikono. Akina mama walipiga vigelegele, wageni nao wakapiga makofi bila kujua ninasema nini. Shangazi alilia, akanibusu mbele za watu.

Dada, hayo sikuyasoma popote. Pale chini pameandikwa kwamba akina mama wanashukuru kwa maendeleo na wako tayari kuhama wakionyeshwa mahali pengine. Maneno hayo niliyatunga mimi. Ndiyo aliyoyaandika afisa, na ndiyo yaliyozaa ile barua. Niliogopa jina langu lisije kukatwa, na kweli halikukatwa. Natakiwa kusafiri tarehe 28.

Naona aibu, dada, hata kula sili vizuri. Nikimweleza Signe, safari imekufa na shangazi atajua. Nikinyamaza, nitakuwa nimeshafika Denmark wakati wanawafukuza. Na baya kuliko yote, tangu Jumamosi Mama Ngosha ameacha kukusanya sahihi, na ile safari ya Ijumaa wameifuta. Wanasema ya nini tena, wakati filamu imeshasema?

Nilikuwa bado naandika, shangazi akaingia na sahani ya matobolwa, vile viazi vyake vya kukausha. Kaniuliza namwandikia nani, nikamwambia. Amesimama hapa pembeni yangu, hataki kuondoka mpaka niandike salamu zake. Anasema anakusalimu sana na wajukuu wake. Anasema usiwe na wasiwasi juu ya uwanja, kwa sababu mdogo wako ameyafikisha maneno yao hadi Ulaya, na sasa hakuna wa kuwatoa. Nimeandika kama alivyosema.

Wasalimie wote nyumbani, na umbusu yule mdogo kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Nathaniel