Baba Amenifokea

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sisi wazima. Paka amezaa ndani ya kapu la nguo, na mama kamwachia.

Unajua kuongea kwangu ni shida. Ulipopiga simu kuuliza hali ya kaka yako nilijibu "nzuri" tu. Haikuwa nzuri. Tangu vumbi la mbao lilipomharibia mapafu, alikuwa hamalizi sentensi bila kutafuta pumzi. Alituita kwa kugonga kikombe na kijiko, na nyumba nzima tukaishi tunasubiri kijiko.

Nesi wa kliniki alisema ugonjwa hautaondoka, ila akamfundisha kuvuta dawa vizuri na kutoa pumzi polepole, kama mtu anayepoza chai. Mama akamtania, "Seremala mzima unafundishwa kupumua!" Lakini kila asubuhi alifanya.

Jana niliacha ndala mlangoni, baba akajikwaa. "Wewe mtoto! Ndala hizi hazina mwenyewe? Nikianguka hapa utanibeba wewe, mwembamba kama ufito?"

Yote hayo bila kutua, shangazi! Mama alitoka jikoni mbio, mwiko mkononi. Baba akashtuka, kama aliyesikia sauti yake mwenyewe, halafu akacheka, akakohoa kidogo, akaendelea kucheka.

Nakuambia wewe tu: leo ndala nimeziacha tena palepale, pembeni kidogo asijikwae. Nimekaa chumbani nakuandikia, nasubiri kufokewa.

Mwanao,
yule unayemwita Kimya