Mtoto Niliyemzima

Makongeni, Thika

Mama mpendwa,

Habari ya huko Wundanyi? Kifua chako kimepata nafuu na hii baridi? Mimi niko mzima, na hilo ndilo linalonisumbua. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningesema "niko sawa" kisha nikate.

Unajua atachimenti yangu, yale mafunzo ya kazi ya chuo, iko kiwanda cha ngozi. Napima hewa kabla watu hawajaingia shimo la maji machafu. Kuna gesi humo inanuka kama yai lililooza. Ikizidi, pua inazimika, huisikii tena, na hapo ndipo inaua. Kwa hiyo navaa kigunduzi kifuani, kidogo kama kabambe, zile simu ndogo za vitufe. Gesi ikipanda, kinalia.

Wanaume wa pale wanakiita mtoto wangu. Kikilia tu: "Wakesho, mtoto ana njaa, mnyonyeshe!" Wote wanacheka. Mama, unanijua vile naona haya.

Jumanne kililia tukiwa juu ya shimo. Baba Ciku, fundi wa pampu, akasema, "Aki nyamazisha huyo, ni harufu tu ya kila siku." Nikakizima kabisa. Akashuka ngazi. Hata dakika haikuisha, nikasikia spana ikianguka majini. Nikamwita. Kimya. Walimvuta kwa kamba aliyofunga kiunoni, amelegea kama gunia.

Msimamizi wetu, Madam Njoki, akauliza mbona kigunduzi hakikulia. Mtu akasema betri iliisha. Madam akaandika hivyo. Mimi nilikuwa hapo, Mama, na nikanyamaza.

Jana nilienda kumwona Baba Ciku kwake Mwiki, ametoka hospitali. Anakohoa, lakini mzaha haujaisha. "Wakesho! Kumbe siku ile mtoto alikuwa amelala?"

"Hakulala. Mimi ndiye nilimzima."

Mkewe akaweka chupa ya chai chini.

"Mimi ndiye nilikuambia," Baba Ciku akasema. "Lakini aliyekivaa ni wewe. Kamwambie Madam."

Leo asubuhi nimemwambia. Amesema atanijibu Ijumaa. Huenda nikarudishwa nyumbani.

Mchana tukapima shimo la pili, kikalia. Wakaanza, "Mnyonyeshe!" Uso uliniwaka, lakini nikasimama mbele ya ngazi, nikasema hakuna anayeshuka. Nikakiacha kilie mpaka wakanyamaza wao.

Nisalimie Bibi, na mdogo wangu Mwakio, asichore vitabu vyangu. Baba umwambie polepole.

Hapana, usimwambie. Nitampigia mwenyewe.

Mwanao,
Wakesho