Kibuyu Ambacho Hakikuonjwa

Bugene, Karagwe

Shangazi Agnesi, shikamoo. Ukungu wa huku ni mzito: saa hizi ni saa tatu asubuhi, na ng'ombe wanaolia mbele ya dirisha langu bado siwaoni.

Jana kwenye mkutano wa chama chetu cha kudai uhuru tulibishana: siku nchi itakapokuwa yetu, mkuu wake apewe nguvu kiasi gani? Karani mmoja wa Bukoba akasema aweze kumfunga mtu bila kumpeleka kwa hakimu, maana asipoogopwa hatatawala. Wengi wakapiga makofi. Mimi nilikuna kichwa tu.

Tulipopumzika, mwenyeji wetu Mama Koku akampa karani kibuyu cha rubisi, pombe yao ya ndizi. Karani akarudisha mikono nyuma. "Mama, mbona hukuonja?"

Aliyekaa karibu nami akaninong'oneza kwamba huku anayekupa hunywa kwanza, ujue hakuna sumu.

"Kumbe kwa kibuyu unauliza," Mama Koku akasema. "Na hiyo sheria yako ya kufunga watu, mkuu ataionja kwanza yeye, au tutaanza sisi?"

Kisha akapiga funda moja, akampa. Karani alikunywa polepole sana, macho chini. Kura juu ya sheria hiyo tunapiga leo, nami sikuni tena kichwa.

Shangazi, wewe ulinichapa kwa kuonja kabla ya mgeni. Nikirudi nitakupikia ndizi, na nitaonja kwanza mbele yako. Fimbo uifiche. Mungu akutunzie huo mgongo unaokusumbua.

Mwanao, Petro