Video Yako ya Mkate na Ukili Wangu wa Kombo

Mjukuu wangu Salma,

Shikamoo yako imefika, marahaba sana. Huku Mpendae hatujambo, ila babu yako amenuna. Ameitazama video yako ya kuwafundisha wanafunzi wako hesabu za sehemu kwa kukata mkate wa kumimina, anauliza kile kipande kikubwa amekila nani.

Unaniuliza kama uziache video hizo, maana mwalimu mkuu anasema dakika moja haimfundishi mtoto kitu. Mimi nakumbuka nilivyofundishwa kusuka ukili, ule utepe wa majani ya mkindu unaoshonwa kuwa mkeka, kule Makunduchi. Shangazi yangu alinikalisha mbele yake, uso kwa uso, akasuka haraka haraka, kisha akasema, "Haya, na wewe." Nikaiga vilevile nilivyoona. Kumbe mkono wake wa kulia ulikuwa kushoto kwangu! Nikasuka kinyume, ukili ukaenda kombo, na mimi nnafurahi kwamba nshaweza.

Shangazi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Hakunionesha tena. Alihama, akaja kukaa ubavuni mwangu, akasema, "Suka, nikuone." Hapo ndipo mikono yangu ilipofahamu.

Basi usiziache, mama. Waoneshe, wafurahi. Ikisha, zima simu, ukakae nao dawatini, wakate mkate wenyewe nawe ukiwatazama.

Ule ukili wa kombo shangazi hakuufumua. Aliushona vivyo hivyo pembeni mwa mkeka, na mkeka huo ndio nnaoukalia sasa nikikuandikia.

Bibi yako akupendaye,
Mwanaidi