Siki ya Miaka Kumi

Qingxu, 3 Aprili 1996

Mpwa wangu Ruilan,

Hujambo? Huku tu wazima. Kikohozi cha bibi yako kiliniona nikiingia kikatoka chenyewe.

Mama yako anasema ukianguka mtihani wa kemia tarehe ishirini, unaacha shule uje kukoroga mapipa ya siki nami. Wee, mkono wako ni wa kalamu. Niulize mimi. Nilifika darasa la tano, mwalimu akakimbia kabla yangu.

Asidi ninaijua, nimezeeka ndani yake. Siki yangu ya miaka kumi iliwahi kutoboa kiatu cha mkaguzi na soksi yake. Jana betri ya gari langu la magurudumu matatu ilikauka. Fundi akasema, "Mzee Hou, tia maji ya betri." Nikamjibu, "Maji ni ya bata." Keshokutwa naitilia siki, kikombe kila tundu.

Mjomba wako,
Hou Dekui

Taiyuan, 8 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Mimi mzima, ila naandika mbio. Usitie siki, nakuomba. Ndani mna asidi kali ya salfuriki. Kinachokauka ni maji tu, asidi inabaki. Siki ni asidi dhaifu, haibebi umeme wa kutosha, tena inakula madini ya risasi yaliyo ndani.

Mtihani naogopa. Besi hata sizielewi.

Mpwa wako,
Ruilan

Qingxu, 14 Aprili

Mpwa wangu,

Habari za masomo? Barua yako imefika leo. Betri ilikufa tarehe tano. Nimesukuma gari kilomita kumi na mbili, fundi anasema nne. Bata walinipita.

Besi umeila tangu uote meno. Tambi za bibi yako, zile za magadi, zina ladha ya sabuni, sivyo? Ukizimwagia siki, ladha inakwisha. Magadi ni besi, siki ni asidi. Wamepigana, wote wamelala. Ingia mtihanini ukiwa umeshiba.

Mjomba wako,
Dekui

Taiyuan, 29 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Bibi hajambo? Swali la tatu la mtihani lilikuwa: "Kwa nini betri iliyokauka huongezwa maji safi?" Nikajaza ukurasa. La tano lilikuwa la besi; nikaandika tambi. Nimepata themanini na tisa. Mama ameshalipia muhula ujao.

Mwalimu akauliza nani alinifundisha. Anaomba uje darasani na ile betri iliyokufa.

Panda basi.

Mpwa wako,
Ruilan